Maneno mafupi yanayotuchenga mlimani
(Mhadhara uliotolewa Moshi, wakati wa masika, mbele ya waongoza watalii na wagumu, yaani wapagazi, wa Mlima Kilimanjaro)

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Wazee wangu mliokaa pale mbele, shikamooni. Asanteni kwa kuja na mvua yote hii. Mlima umetulia, wageni ni wachache, kwa hiyo huu ndio wakati wetu wa kukaa darasani.

Jana nilimwuliza kijana mmoja kati yenu ni neno gani la Kiingereza linalomtisha. Akanijibu, "acclimatization". Nikamwambia hilo lisikuumize kichwa. Ni refu na linavunja ulimi, lakini lina kazi moja tu, mwili kuuzoea mwinuko, na ukishalijua umemalizana nalo. Ogopa "off". Ogopa "left", ogopa "run", ogopa "sick". Haya tuliyakariri tukiwa wadogo, tukayaacha huko tukidhani tumeyamaliza.

Niwaeleze lililonipata. Nilikuwa bado msaidizi wa kiongozi, tumelala kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600. Asubuhi mgeni mmoja, Mwingereza, akatoa kichwa hemani akaniambia, "I was sick in the night, but I'm fine now." Mimi nikasikia kwamba usiku alijisikia vibaya na sasa kumekucha salama. Nikampa pole, nikampelekea chai, nikaenda kumwambia mkubwa wangu kwamba mgeni yuko vizuri.

Mzee yule hakuridhika. Alikwenda mwenyewe, akachutama mlangoni pa hema, akamwuliza, "Did you throw up?" Mgeni akanyoosha vidole vitatu. Alikuwa ametapika mara tatu. Mwingereza akisema "I was sick", mara nyingi anamaanisha alitapika. Mmarekani akisema maneno hayohayo, kwa kawaida anamaanisha alikuwa mgonjwa. Mzee akauliza na kichwa, kumbe kilikuwa kinamgonga tangu jioni. Akamwekea kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidole, akatazama namba, akafunga zipu ya hema bila kusema kitu. Kichwa kuuma na kutapika kule juu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, na mtu wa namna hiyo hapandishwi hata angekuwa amelipa kiasi gani. Aliteremshwa mpaka Mweka, huko chini, na jioni akaomba wali.

Mimi Kiingereza nilikuwa nakijua, na cheti ninacho. Neno la herufi nne ndilo lililonipita, nikampa mgonjwa chai badala ya kumteremsha. Mpaka leo nikilisikia neno hilo naiona ile zipu ikifungwa.

Na "fine" yake je? Mgeni akisema "I'm fine", huenda ni mzima. Ukimwinamia na upawa wa supu akasema "I'm fine", amekataa kwa adabu, maana yake nimeshiba, asante. Na hiyohiyo "fine" ukiikuta kwenye karatasi ya hifadhi, ni faini.

Wenye kamusi kubwa ya Kiingereza, ile ya Oxford, wamejaribu kuyahesabu mambo haya. Katika toleo la pili, la mwaka 1989, lililoongoza lilikuwa "set", likiwa na maana 430. Jua likizama ni "set". Zege likishika ni "set". Kuandaa meza ni "set", na seti ya vikombe ni hilohilo. Baadaye, katika kuipitia kamusi upya, mhariri mmoja, Peter Gilliver, alipewa kitenzi "run". Alikaa nacho miezi 9, akafikisha maana 645. Mtu anakimbia, mto unatiririka, pua inachuruzika, mashine inafanya kazi, mama anaendesha duka, na kote huko Mwingereza anasema "run". Hata urais wa Marekani unagombewa kwa "run", ilhali Uingereza mgombea ubunge husemwa kwa "stand", yaani huyu anakimbia na yule amesimama, na wote wanatafuta kura.

Kwa nini iwe hivyo kwa maneno mafupi? Mwaka 1945 Mmarekani aitwaye George Kingsley Zipf alionyesha kwamba kadiri neno linavyotumika sana ndivyo linavyobeba maana nyingi. Mimi naielewa kwa ndoo. Ndoo iko karibu kila saa, basi ndiyo itachota maji, itabeba mchanga, itafulia, na mgeni akizidi itageuzwa kiti. Na Kiingereza kina historia yake: Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, mambo ya ikulu na mahakama yakasemwa kwa Kifaransa, na maneno marefu mengi yakaingilia mlango huo. Mafupi ya wenyeji yakabaki jikoni na shambani, kinywani mwa watu kutwa nzima.

Msidhani lakini huo ni ukorofi wa Waingereza. Sisi tuna "piga". Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga simu, tunapiga kura, tunapiga magoti. Nani hapa alifundishwa orodha hiyo? Hakuna. Kila "piga" tuliisikia ikiwa na mwenzake. Mgeni aliyekariri kwamba kupiga ni kuchapa, akisikia mama anapiga pasi, hana pa kushika.

Kuna na maneno yaliyogongana tu njiani, hayana undugu. Ndege pale uwanjani KIA hupaa, nyumba ina paa, na porini kuna paa anayekimbia. "Left" ni hivyo. Ile ya kushoto na ile ya kuacha zina asili mbili tofauti, zikaishia kufanana. Sasa vuta picha uko kambini na redio mkononi, ukungu umefunga, mwenzako wa juu anakuuliza, "How many left?" Anataka walioondoka au waliobaki? Kiingereza chenyewe hakikwambii. Ukijibu "two", huenda kuna watu wawili gizani ambao kila mmoja wenu anadhani wako na mwenzake. Hilo linaninyima usingizi kuliko maneno yote niliyoyataja.

"Off" nayo. "The light went off", taa imezimika. "The alarm went off", alamu imelia. Maneno ni yaleyale, lakini huku kimya, kule kelele. "The milk went off", maziwa yameharibika. Usiku wa kwenda kileleni mnaamsha watu saa 5, mmoja anachelewa, anasema "My alarm didn't go off". Usimjibu kwamba ni vizuri haikuzimika.

Jambo moja linalogusa utu wetu: mgeni akijikwaa tunamwambia "sorry", naye anashangaa, "It's not your fault." Sisi tumempa pole. Yeye amesikia tunakiri kosa, ingawa "sorry" hiyohiyo yeye huwapa wafiwa. Msiache kumpa pole. Mwambieni "pole" yenyewe, mfundisheni na maana yake, na mwambieni kwamba iko pia ndani ya "polepole" anayoisikia tangu getini.

Dada pale nyuma ameuliza afanyeje asipokuwa na uhakika mgeni amesema nini, naye hataki aonekane hajui Kiingereza. Dada yangu, fanya alichofanya mzee wangu pale Barafu. Usiulize "Are you OK?" kwa sababu utajibiwa "fine" na utabaki na fumbo lako. Uliza kinachojibiwa kwa vidole: umetapika mara ngapi? Umekunywa vikombe vingapi? Mwambie akuonyeshe panapouma. Na kwenye redio, "left" iwe ya kushoto peke yake. Sema "two are still here" au "two have gone down". Na kama mwenzako ni wa hapa, sema wawili wamebaki kambini, taja na majina yao.