Kitanda cha Mama Mkwe

ZUHURA: Tuko hewani? Haya. Deo, kabla hujawasalimia watu, nina kesi.

DEO: Na mimi tena?

ZUHURA: Na nyie wauza fenicha wote. Wasikilizaji wanajua mama mkwe wangu anakuja kutoka Tanga.

DEO: Wanajua. Wiki iliyopita uliwasomea mpaka dawa zake za presha.

ZUHURA: Sasa chumba cha wageni hakina kitanda. Nikaona video Instagram, kitanda cha mninga, tano kwa sita, fundi anapaka vanishi kwa kitambaa, akipitisha mkono tu zile nyuzi za mbao zinajitokeza. Nimekipenda! Nashuka kwenye komenti, kila mtu anauliza bei. Jibu ni lilelile kwa wote: "Njoo inboksi." Nikaenda inboksi. "Dada karibu, nicheki WhatsApp." Nikaenda WhatsApp. "Dada karibu dukani uone mwenyewe." Mvua ile, foleni ya Mandela ile, nikaenda dukani. Nakuta kijana anakula chipsi. Namuuliza bei. Ananijibu, Deo usicheke...

DEO: Sicheki.

ZUHURA: "Dada, bei zote si tumeweka kwenye tovuti?"

DEO: [anacheka] Hapana bwana!

ZUHURA: Tovuti ipi? Akanyoosha kidole. Imeandikwa ukutani, kabati la nguo limesimama mbele yake, jina linaonekana nusu. Nikafungua palepale. Mwenzangu, tovuti ya maana! Picha, kipimo, aina ya mbao, bei, siku za kutengeneza. Mtu amelipia kitu kile, kisha akakificha nyuma ya kabati.

DEO: Basi umenirahisishia, maana leo tuliahidi mambo matano ya kuwatoa watu mitandaoni kuwaleta kwenye tovuti ya biashara ndogo. Ninayo hapa kwenye karatasi. La kwanza...

ZUHURA: Cha kwako wewe, mninga tano kwa sita, shilingi ngapi?

DEO: Inategemea.

ZUHURA: Inategemea nini?

DEO: Njoo inboksi.

ZUHURA: Musa, mzimie maiki huyu.

DEO: La kwanza! Linki ikae mahali inapobonyezeka. Watu wanaandika anwani ya tovuti kwenye kapsheni ya Instagram, halafu wanashangaa hakuna anayekuja. Kwenye kapsheni inabaki maandishi tu. Mteja ainakili? Hata kuinakili ni kazi. Linki inakaa kwenye bayo, na tangu 2023 bayo inabeba mpaka linki 5. Kwenye stori unabandika stika ya linki. Zamani ile ya kutelezesha juu kufungua linki ilikuwa ya wakubwa, mpaka uwe na wafuasi 10,000. Tangu 2021 hata aliyefungua akaunti juzi anaweza.

ZUHURA: Hapo sina neno. Ila niambie, nikishabonyeza, nakuta nini?

DEO: Unakuta kazi zetu.

ZUHURA: Kazi zenu nimeshaziona kwenye video. Kwenye tovuti nafuata nini?

DEO: Unapata maelezo zaidi.

ZUHURA: Maelezo gani? Kwamba "tunatengeneza fenicha za kisasa kwa bei nafuu"? Mtu hatoki Instagram, alipokaa anaburudika, eti akasome historia ya karakana yako. Anatoka akijua kuna kitu kule ambacho huku hakipo. Na kitu chenyewe kimeulizwa kwenye komenti zako zote, neno moja, halafu alama ya kuuliza.

DEO: Nilijua tutafika huku.

ZUHURA: Weka bei kwenye tovuti. Kwenye video sema: vipimo na bei zote zipo kwenye linki. Utaona kama hawatakuja.

DEO: Dada Zuhura, wewe hujawahi kukaa Keko.

ZUHURA: Nimekaa kwenye foleni ya kwenda Keko.

DEO: Nisikilize. Pale mafundi tumepangana, ukipiga chafya jirani anasema afya. Nikiandika laki nane kwenye tovuti, jioni jirani anamwambia mteja wangu laki saba na themanini. Na cha kwake si cha kwangu! Mninga una moyo, ule wa kahawia, halafu una ile mbao nyeupe ya pembeni. Mimi ile nyeupe naitoa. Yeye anaiacha, anaipaka rangi ifanane, anapiga vanishi juu yake. Kwenye picha ya simu nani atajua? Mteja anaona vitanda viwili vya mninga, kimoja laki nane, kingine laki saba na themanini. Akija kwangu inboksi, namtumia video ubavu wa ubao ukiwa haujapakwa kitu, namweleza. Hapo laki nane anaielewa. Bei ikimfikia kabla ya maneno, imeniua.

ZUHURA: Si uyaweke maneno hayohayo kwenye tovuti! Huo uliousema sasa hivi ndio ukurasa wenyewe. Picha ya ubao mbichi, moyo huu, nyeupe hii, jinsi ya kumtambua anayekupaka rangi. Mimi ningeubonyeza hata kama sinunui kitanda. Na bei chini yake.

DEO: Maneno nitaweka. Bei hapana.

ZUHURA: Kha!

DEO: Halafu kuna anayeona laki nane anakimbia, hajui kwamba angelipa kidogokidogo. Kuna anayetaka droo chini. Kuna wa ghorofa ya tatu ngazi nyembamba, kirikuu inaishia chini, vijana wapandishe. Kila mtu na bei yake.

ZUHURA: Kila mtu na bei yake, wasikilizaji mmemsikia? Ndiyo maana watu wanaogopa inboksi. Kabla sijajibiwa, nimeshachunguliwa picha ya profaili. Ukinikuta nimepiga picha Serena, kitanda kimepanda.

DEO: Mimi sifanyi hivyo.

ZUHURA: Sijasema wewe. Lakini mteja atajuaje? Shangazi yangu yuko Muscat, anajenga Bububu. Ananunua vitu usiku, watoto wakilala. Hana muda wa "karibu dada, u hali gani, nicheki WhatsApp". Anataka kipimo, bei, na namba ya kulipia. Asipoviona anahamia kwa mwingine, na wewe hutajua hata kama alipita.

DEO: Shangazi yako atume ujumbe. Asubuhi anakuta jibu.

ZUHURA: Bado kutwa nzima unajibu "bei?" mmoja mmoja.

DEO: Kujibu ndiko kuuza! Wateja wangu wengi wametokea WhatsApp, wachache sana wametokea kwenye tovuti. Nimeangalia takwimu.

ZUHURA: Umeangalia wapi?

DEO: Kwenye Google Analytics, ile ya kuhesabu wanaoingia kwenye tovuti. Wanaotoka Instagram kidogo. Wengi imeandikwa wamekuja moja kwa moja.

ZUHURA: Deo, "moja kwa moja" haina maana kwamba walikariri jina lako. Mtu akibonyeza linki ndani ya WhatsApp, mara nyingi kwenye takwimu anahesabiwa hivyohivyo, kama aliyejiandikia anwani mwenyewe. Hao "moja kwa moja" wako wengi huenda ni linki unazoweka kwenye stetasi. Kila linki iwekee mkia wake. Mwisho wa anwani alama ya kuuliza, halafu utm_source, alama ya usawa, halafu jina: stetasi, au tiktok, au instagram. Mikia tofauti, ukurasa mmoja. Mwisho wa mwezi unajua nani amekuletea watu.

DEO: Hiyo ilikuwa la nne kwenye karatasi yangu.

ZUHURA: Basi tumeifuta.

DEO: Nimekubali ya mikia. Ila kuna jambo mnaosema tovuti, tovuti, hamligusi. Bando. Mteja wangu amenunua kifurushi cha mitandao ya kijamii tu. WhatsApp inafungua, Instagram inafungua. Akibonyeza linki ya nje, inazunguka, inazunguka, basi. Hana mpango wa kununua bando lingine akaone kitanda. Sasa bei ikiwa kwenye tovuti peke yake, huyo nimemfungia mlango.

ZUHURA: Kwani umekatazwa kumjibu WhatsApp?

DEO: Ndiyo njoo inboksi yenyewe hiyo!

ZUHURA: Siyo! Huyo mwenye bando dogo ana haki ya kuuliza. Mimi nakataa kwamba kila mtu lazima aulize. Halafu wewe kwenye tovuti yako unabandika picha kama zilivyotoka kwenye kamera, moja inakula MB 5. Hata mwenye bando kamili anakimbia. Zipunguze kabla hujapakia, ukurasa mzima uwe mwepesi kuliko hiyo picha yako moja.

DEO: Hiyo ilikuwa la tano.

ZUHURA: Tunakwenda vizuri.

DEO: Musa ananionyesha vidole. Dakika kumi? Nane? Haya.

ZUHURA: Tena umesahau ile siku mitandao ilipozimika. Tarehe 4 Oktoba 2021, Jumatatu. Facebook, Instagram, WhatsApp, zote pamoja, karibu saa 6. Huku kwetu ilianza jioni kabla ya saa moja, ikaenda mpaka usiku wa manane. Watu wa njoo inboksi siku ile mlikuwa wapi?

DEO: Tulikula tukalala. Saa 6 katika miaka mingapi, Zuhura? Umeme wa Keko unakatika zaidi ya hivyo, na hufungi karakana. Tena tangu Julai 2025 Instagram imeruhusu Google ionyeshe posti za wazi za akaunti za kibiashara. Mtu akitafuta kitanda Google, anaweza kuikuta posti yangu hukohuko.

ZUHURA: Akiikuta posti yako ataona nini? Akishuka kwenye komenti?

DEO: ...

ZUHURA: Sema.

DEO: Ataona njoo inboksi.

ZUHURA: [anacheka] Musa, hiyo ikate uifanye mlio wa simu.

DEO: Lakini sijashindwa. Naomba ieleweke hewani, sijashindwa. Kariakoo nako ni hivyohivyo, bei unaambiwa ukiwa umeshashika kitambaa. Watu wetu wanapenda kuongea. Ukimnyima kupatana umemnyima nusu ya raha.

ZUHURA: Raha ya nani? Mimi naambiwa bei ya juu, natoa ya chini, tunakutana katikati, nikifika nyumbani nasikia jirani kapata kwa chini zaidi. Tangu lini hiyo ni raha? Ni ugonjwa.

DEO: Ndiyo maana unamnunulia mama mkwe kitanda, wangekutuma wewe Kariakoo familia ingefilisika.

ZUHURA: Kwa hiyo bei huweki.

DEO: Siweki.

ZUHURA: Hata "kuanzia"? "Kuanzia laki saba"?

DEO: Ukiandika kuanzia, kila mtu anataka hiyo ya kuanzia.

ZUHURA: Basi mimi nasema tovuti yako ifunge, ada ya mwaka ukanunue msasa.

DEO: Na mimi nasema haifungwi. Dakika ngapi, Musa? Mbili! Jamani, la pili sijaligusa. La pili ni ile picha inayotokea ukibandika linki kwenye WhatsApp. Kama ukurasa haukuambiwa itokee picha ipi, inatokea nembo tu, au hakuna kitu, na hakuna anayebonyeza. Mwambie aliyekutengenezea tovuti akuwekee og:image, ile alama ya kuchagua picha hiyo, kila kitanda na picha yake...

ZUHURA: Na kitufe cha WhatsApp kwenye kila bidhaa! wa.me, mkwaju, kile kimstari cha kuinama, halafu namba ikianza na 255, bila sifuri, bila alama ya kujumlisha. Unaweza kuiwekea na ujumbe tayari ndani yake, "Naulizia kitanda cha mninga tano kwa sita", mteja akibonyeza anatuma tu, wewe unajua anataka kipi.

DEO: Si unaona? Umerudi kwenye inboksi.

ZUHURA: Inboksi yenye bei!

DEO: La tatu lilikuwa muda wa kuposti, nalo ni refu...

ZUHURA: Halina muda.

DEO: Wiki ijayo basi. Tuna mgeni wa kusafirisha mizigo mikoani, kama una swali la kutuma fenicha Mwanza au Mbeya, tuma sauti kwenye namba ileile. Sekunde 30 zinatosha, yule wa Morogoro tafadhali, dakika 6 hatuwezi.

ZUHURA: Na yeye nitamuuliza bei ya mzigo hapahapa hewani.

DEO: Atakwambia inategemea uzito.

ZUHURA: Atakuja na mizani.