Viatu Vilevile, Ngozi Nyingine

BARAKA: Karibuni tena jamani, mi Baraka, niko na dada yangu Zuhura kama kawaida. Leo hatuna mgeni, stori yenyewe inatosha. Mwaka 1959, Marekani ya kusini, kuna mzungu anaitwa John Howard Griffin, mwandishi, ana mke na watoto, anakaa Mansfield kule Texas, akaamua ageuze ngozi yake iwe nyeusi akaishi kama Mmarekani mweusi. Na si kujipaka masizi kama wale wa maigizo, hapana, alienda New Orleans kwa daktari wa ngozi akapewa vidonge vya vitiligo, ule ugonjwa wa mabaka meupe, akawa anameza alafu anakaa chini ya taa yenye miale mikali masaa kibao, akanyoa kichwa chote, palipobaki peupe akamalizia na rangi ya kupaka.

ZUHURA: Na tusiruke ametokea wapi, maana Mansfield yenyewe 1956 wazungu walijaa kwenye sekondari ya pale kuzuia wanafunzi weusi wasiandikishwe, na mahakama ilikuwa imeshaamuru waingie, watu wakatundika sanamu la mtu mweusi aliyenyongwa juu ya mlango wa shule. Mlango wa shule, Baraka! Na Griffin kipindi hicho alikuwa haoni kabisa, aliumia vitani akawa kipofu karibu miaka kumi, macho yakarudi 1957.

BARAKA: Sasa kitu kilichonikaa mimi ni kwamba hakubadilisha jina. Vitambulisho vilevile, pochi ileile, kusoma kwake kulekule, na alijiapia kwamba mtu akimuuliza we ni nani atasema ukweli. Kilichobadilika ni rangi tu. Alafu kuna mzee mmoja mweusi mpiga kiwi pale New Orleans, alikuwa anamng'arishia viatu Griffin siku zile bado mzungu, wanapiga stori vizuri tu. Griffin akarudi kwake akiwa mweusi, akakaa kwenye kiti, mzee akaanza kazi, hakumjua hata kidogo. Akamuuliza, mzee hivi viatu huvikumbuki? Mzee akasema ndio, kuna mzungu namng'arishiaga viatu kama hivi.

ZUHURA: Yaani viatu vinatambulika, mtu hatambuliki.

BARAKA: Ndo hivo. Griffin akamwambia ukweli, mzee akacheka sana alafu akawa mwalimu wake, akamkagua akamwambia nenda kanyoe hayo malaika ya mikononi yatakuumbua. Na baada ya muda mfupi tu yule mzee akizungumza naye anasema "sisi", sisi tunafanya hivi, sisi haturuhusiwi pale, na huku anajua fika huyu ni mzungu.

ZUHURA: Mi kilichoniuma zaidi ni vitu vidogo, watu wakisikia ubaguzi wanawaza kupigwa tu na kuuawa. Choo, kwa mfano. Umebanwa uko katikati ya mji, maduka yote yanapokea hela yako lakini hakuna atakayekuruhusu uingie chooni kwake, kwahiyo siku nzima unapanga, nikinywa maji hapa nitaenda wapi baadae, kile choo cha weusi kiko mbali kiasi gani, maisha yako yote ya siku yanazunguka hapo. Na ile hundi ya msafiri, ile karatasi unayoibadilisha upate hela taslimu, Griffin amezunguka madukani humo humo wanamowauzia weusi kila siku bila shida, hakuna anayetaka kumbadilishia, wanamjibu kwa ukali kana kwamba kaiba, mpaka duka moja la vitabu la Wakatoliki likamsaidia. Huyu mtu wiki chache nyuma angeingia duka lolote angeitwa bwana.

BARAKA: Akiwa bado New Orleans ikaja habari ya Mack Charles Parker, kijana mweusi wa Mississippi, Aprili mwaka huohuo kundi la wazungu lilimtoa jela ya Poplarville kabla kesi yake haijasikilizwa wakamuua wakamtupa mtoni. FBI walichunguza wakatoa ripoti nene, jopo la raia pale likakataa kumshtaki hata mtu mmoja. Watu weusi waliposikia hivyo wakavunjika kabisa, Griffin akasema basi ndiko ninakoenda, akapanda basi la Mississippi. Njiani basi likasimama watu wajisaidie, wazungu wakashuka, weusi walipofika mlangoni dereva akawazuia, hana muda wa kuja kuwakusanya. Na humo ndani abiria mwenzake mweusi akawa anampa somo la namna ya kuishi Mississippi, usimwangalie mwanamke wa kizungu, na ukipita nje ya sinema kwenye mabango kuna picha za wanawake wazungu, hata zile picha usiziangalie.

ZUHURA: Karatasi ukutani unaiogopa. Ila sasa ndugu yangu mi nataka nikuletee aliyevuka mstari huohuo wa rangi kutokea upande wa pili. Walter White, kazaliwa Atlanta 1893, nywele za dhahabu macho ya bluu, ukimuona utaapa ni mzungu, lakini ni mweusi, wazazi wake weusi na yeye mwenyewe anasema mi mweusi. Akafanya kazi NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, akawa anajifanya mzungu anaingia kwenye miji iliyoua watu weusi, anakaa na wauaji wanamsimulia kila kitu kwa majivuno wakidhani ni mwenzao. Hakuhitaji dawa wala taa. 1919 akaenda Arkansas, kule Phillips, wakulima wa pamba weusi walikuwa wanaunda chama wapate bei ya haki wakauawa ovyo, akaenda kama mwandishi wa gazeti la Chicago. Wakamshtukia. Mtu mweusi akamtonya barabarani, akakimbilia treni, na alivyosimulia mwenyewe kondakta akamwambia bwana mbona unaondoka mapema, kuna mweusi anajifanya mzungu hapa mjini vijana wanamtafuta.

BARAKA: Aisee. Griffin akishikwa labda angesema mi mzungu jamani. Huyu akishikwa anasema nini?

ZUHURA: Hana cha kusema. Alafu sikiliza ya baba yake, 1931. Naye mweupe, kagongwa na gari Atlanta, akapelekwa hospitali upande wa wazungu, madaktari wanamhangaikia. Akaja mkwe wake kumtafuta, mtu mwenye ngozi ya kahawia, wakashtuka, kumbe huyu mzee mweusi! Wakamhamisha saa ileile wakamvusha barabara mvua inanyesha kumpeleka jengo la weusi, jengo bovu, na humo ndo alifia. Majeraha yaleyale, mwili uleule uliokuwa unatibiwa dakika tano nyuma. Kwahiyo mtu akikwambia ubaguzi ule ulikuwa wa rangi ya ngozi mwambie hapana, ngozi ya yule mzee waliiona tangu mwanzo, ilikuwa nyeupe.

BARAKA: Hiyo inanikumbusha Ray Sprigle wa Pittsburgh, mwandishi, yeye alitangulia miaka 11 kabla ya Griffin, 1948. Alitafuta dawa ya kumfanya mweusi akakosa, akaota jua tu la Florida, akanyoa nywele, akaingia kusini akasema mi mweusi. Hakuna aliyebisha! Na aliyemuunganisha na mwenyeji wake kule ni huyuhuyu Walter White. Ukijitaja mweusi, wewe mweusi, basi.

ZUHURA: Sasa Griffin alipotoa habari zake 1960 kwenye jarida la Sepia nchi nzima ikatikisika, televisheni, magazeti, kitabu mwaka uliofuata. Mansfield wakatundika sanamu lake barabarani, familia ikahamia Mexico kwa muda. Mi namheshimu sana, aliumia kweli. Lakini kila alichokisema, kile choo, ile hundi, lile basi, watu weusi walikuwa wanakisema tangu babu zao na wanaambiwa wanatia chumvi. Akasema mzungu wiki kadhaa tu, ikawa ushahidi. Hiyo inaniuma kuliko yote.

BARAKA: Na yeye aliliona, tumpe haki yake. Miaka ya baadae alikuwa anaitwa mijini viongozi wazungu wanamuuliza weusi wetu wanataka nini, na weusi wenyewe wamekaa chumba hichohicho, hawaulizwi. Alilisema wazi kwamba si sawa, kwamba wakati wake wa kuwasemea umepita.

ZUHURA: Ndo maana wiki ijayo tunarudi 1892, Memphis, kwa Ida B. Wells, mwanamke mweusi aliyeandika jinsi marafiki zake watatu walivyouawa, akataja sababu, wazungu wakavunja ofisi ya gazeti lake. Nitasoma kurasa zake hewani, kwahiyo mtutumie maswali yenu kabla ya Alhamisi.