Jinsi ya kutengeneza benchi la mozeki kwenye bustani ya mtaa, lenye hadithi ya hapo hapo

Haya karibuni tena, leo tunatengeneza benchi la mozeki, yaani lile la vipande vya tailizi, la kukaa kwenye bustani ya mtaa ambapo kila mtu anapita. Benchi lenyewe ndo hili nyuma yangu, ni la zege, limemwagwa zaidi ya siku 28 zilizopita kwaiyo limeshakauka na kukomaa, kama la kwako ni bichi subiri kwanza.

Hatua ya kwanza hamna kushika tailizi kabisa. Kwanza hakikisha una ruhusa ya wanaosimamia bustani, alafu nenda ukae na wazee wa hapo. Na msiwaulize "urithi wetu ni upi", ukiuliza ivyo utapewa majibu ya kwenye hotuba. Uliza kitu kidogo tu: hapa kabla ya bustani palikuwa na nini? Sisi tulipouliza ivyo bibi mmoja akanyanyuka, akatupeleka mpaka kwenye ile kona, akasema hapa palikuwa na kisima, na jiwe la mdomo wa kisima lilikuwa na mifereji mifereji, haikuchongwa na fundi, ililiwa na kamba, kamba za watu kuvuta ndoo miaka na miaka mpaka jiwe likaisha. Akatuonesha kina chake kwa kidole, kidole kinazama mpaka kwenye kiungo cha pili. Mi hapo nikajua mchoro tumeupata, tena tulikuwa tumeshaandaa michoro ya maua na ndege, tukaiweka pembeni yote.

Angalizo moja hapa. Kama alama unayoitaka ni ya ukoo fulani au ya ibada, nenda kwa wenyewe ukaombe, na wakikataa ndo basi, tafuta kingine. Usiichukue tu kwa sababu inapendeza.

Sasa mchoro. Chora kwa ukubwa ule ule wa benchi kwenye karatasi ya kaki, sisi mifereji yetu inaanzia nyuma inashuka mpaka ukingo wa mbele, kama kamba inavyoshuka. Kitu ambacho wengi wanakiruka ni mwelekeo wa vipande, mafundi wa mozeki wanauita andamento, vipande vikifuatana kwa mstari jicho linavutwa kuufuata, vikitupwa ovyo mchoro unakufa hata kama rangi ni nzuri. Kwaiyo chora vishale kabisa kwenye karatasi. Alafu rudi nyuma hatua kumi uangalie, kama husomi mchoro kwa mbali basi rangi zako zimekaribiana sana, ongeza giza sehemu moja.

Tailizi za kuvunja sio lazima uende dukani, ombeni masalia kwa mafundi na majumbani. Benchi refu lililojipinda la Park Güell kule Barcelona, bustani iliyojengwa na msanifu majengo Antoni Gaudí kati ya 1900 na 1914, limefunikwa na vipande vya vigae vilivyovunjika, na msanii Nek Chand kule Chandigarh, India, alianza mwaka 1957 kuokota takataka za ujenzi mpaka ikawa bustani nzima ya sanamu. Ila za nje chagua tailizi za posilini, hazinywi maji. Ukigeuza tailizi ukaweka tone la maji mgongoni, likizama haraka hiyo ni ya ukutani ndani, iache.

Kuvunja: vaa miwani na glavu, funga tailizi kwenye taulo kuukuu uso uangalie chini, gonga na nyundo mara moja, sio kuponda. Kipande kikihitaji umbo tumia koleo la kukatia tailizi, na usiling'atishe katikati, ng'atisha pembeni kabisa milimita 3 au 4 hivi, bonyeza, inapasuka yenyewe kufuata mstari... mnaona hapo? Ukitumia grinda weka maji, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Gundi sasa, na hapa naongea kwa uchungu kidogo maana benchi letu la kwanza tulitumia gundi nyeupe ya mbao, mvua za mwezi mmoja tu vipande vikaanza kudondoka na watoto wakavikuta chini. Gundi ile ikilowa inalainika tena. Tumia gundi ya tailizi ya unga, ya simenti, iliyoandikwa ya nje. Osha benchi, likwaruze, liloweshe kidogo, koroga gundi iwe nzito isidondoke kwenye mwiko, iache dakika kama 10, koroga tena. Paka eneo dogo utakalolimaliza kwa dakika 15, bandika, bonyeza mpaka gundi ipande kidogo kwenye mianya lakini isifike juu. Mianya iwe milimita 3 mpaka 4. Kipande cha kwanza tulimpa bibi yule yule akakibandika, mkono unatetemeka ila alikiweka pale pale mdomo wa mfereji ulipo.

Kila baada ya safu pitisha kiganja taratibu, chochote kinachokwaruza kisugue na jiwe la kunolea, mtu atakaa hapa na suruali nyepesi au mtoto ataburuza mguu. Na kiti kiinamie mbele kama sentimita 1 ili maji yasituame.

Siku inayofuata, baada ya saa 24, ndo unajaza grauti, yaani ule mchanganyiko wa simenti wa kuziba mianya. Chagua ya kijivu iliyokolea, nyeupe inafanya jicho lione wavu badala ya mchoro. Isukume kwa mshazari ijae kabisa, subiri dakika 20 hivi mpaka ianze kufifia, alafu futa na sponji uliyoikamua vizuri, ikiwa na maji mengi unaifua grauti yote nje. Funika na gunia bichi siku 3, isikauke haraka ikapasuka.

La mwisho, vipande vilivyobaki msitupe. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko, kila rangi mfuko wake, pamoja na grauti kidogo iliyofungwa isipate unyevu, muachieni anayetunza bustani. Siku kipande kimoja kikitoka kirudishwe siku hiyo hiyo, maana maji yakishapata tundu yanaingia nyuma ya vya jirani na kuvibandua navyo.