Umeme Unaanzia Kwenye Ndoo ya Taka

Nashukuru kwa makaribisho. Nimeombwa nizungumzie tanuri la kuchoma taka na kufua umeme. Nitaanza na ndoo ya taka, maana humo ndimo umeme unamopatikana au unamopotelea.

Chukua ganda la tikiti, ulikamue. Yale yanayochuruzika ni maji, na kila kilo ya maji yanayochemka inadai megajuli 2.3 hivi (megajuli ni kipimo cha nishati) ili igeuke mvuke tu. Joto hilo limekwenda bure. Aliyewahi kupuliza kuni mbichi hadi machozi yakamtoka ananielewa. Mfuko wa plastiki, kinyume chake, una megajuli zaidi ya 40 kwa kilo. Taka za mji ni mchanganyiko wa hayo yote, na Benki ya Dunia ilishauri wastani wa mwaka usipungue megajuli 7 kwa kilo. Zikilowa kupita kiasi, utaanza kununua mafuta ili uchome taka!

Wazo lenyewe ni la zamani. Shoreditch, London, walianza mwaka 1897, na jengoni wakaandika kwa Kilatini: kutoka vumbini, mwanga na nguvu. Ila vumbi lao lilikuwa majivu makavu, yamejaa vipande vya makaa ya mawe ambavyo havijaungua. Sisi tunaleta maganda.

Ndiyo maana mtu ninayemheshimu zaidi kiwandani ni mwendesha kreni. Kutwa nzima anachota taka shimoni, anaziinua, anaziachia, ili mbichi zichanganyike na kavu. Akizembea, joto la tanuri linashuka, na moshi unatakiwa ukae angalau sekunde mbili kwenye nyuzi 850 ili dioksini, sumu zinazotokana na uchomaji, ziharibike. Vichujio vinafuata, navyo ni ghali. Hapo sina la kuongeza, isipokuwa kwamba asiyekuwa na fedha za vichujio asiwashe moto.

Sasa jambo linalozua ugomvi. Ukitenga mabaki ya chakula yakawa mbolea, moto unapata nguvu. Ukitenga plastiki na karatasi, unadhoofika. Kwa hiyo mtengeneza mbolea ni rafiki wa tanuri, na muokota chupa ni mshindani wake. Halafu usome mkataba kati ya mji na kiwanda: mingine huutaka mji ulete tani zilizokubaliwa, na zikipungua, mji unalipa vilevile.