Kisiki Chenye Uhai: Imani ya Kikristo na Utunzaji wa Ardhi ya Dodoma

Wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na ndugu zangu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie wajibu wa Mkristo kwa uumbaji, nami nitauzungumzia nikiwa na Dodoma machoni, nchi ipatayo mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mvua hiyo ikishuka kwa kishindo juu ya udongo usio na mti wala nyasi haizami, bali hukimbilia korongoni pamoja na rutuba ya shamba la mtama.

Wapo wanaosoma Mwanzo 1:28, mahali mwanadamu anapopewa kuitiisha nchi, wakaishia hapo. Nawasihi waendelee hadi 2:15, ambapo mtu huyo huyo anawekwa bustanini ailime na kuitunza, kisha wafike Walawi 25, ambapo Mungu anaagiza nchi yenyewe ipumzike kila mwaka wa saba, na kutamka kwamba nchi ni mali yake, nasi ni wageni tu. Waanglikana waliingiza utunzaji wa uumbaji katika alama za utume, yaani orodha ya kazi kuu za kanisa, mwaka 1990, na Papa Fransisko akatoa waraka wake Laudato Si' juu ya jambo hilo hilo mwaka 2015. Mafundisho tunayo, kinachopungua ni kazi ya mikono.

Pumziko hilo la nchi tumeliona kwa macho yetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika vilima vya Kondoa vilivyokuwa vimetafunwa na makorongo. Uoto ukarudi, sehemu kubwa kwa nguvu zake wenyewe. Lakini haki inanidai niseme pia kwamba wafugaji ndio waliobeba gharama, na hatua inayomwacha jirani bila maziwa haijatimiza Walawi 25, kwa maana sura hiyo hiyo inaagiza maskini asaidiwe apate kuishi.

Kwa sababu hiyo naipenda zaidi njia ambayo wakulima wetu wanaiita Kisiki Hai. Mwaka 1983 huko Niger, mmisionari kutoka Australia, Tony Rinaudo, ambaye miche yake mingi ilikuwa imekufa kwa ukame, alitambua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita vilikuwa miti iliyokatwa inayochipuka kutoka kwenye visiki. Chini ya udongo mizizi ilikuwa hai, tena mirefu kuliko ya mche wowote wa kitalu. Mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogolea mengine, huweka alama ili watu wajue kwamba mti huo unatunzwa, kisha huulinda dhidi ya mifugo na moto. Hahitaji kununua mche wala kubeba maji, na mbuzi wake haondolewi kijijini, bali anachungwa. Ayubu alilijua jambo hili aliposema, katika sura ya 14, kwamba mti uliokatwa una tumaini la kuchipuka tena, hata kama shina lake limekufa mavumbini.

Nasema haya kwa uchungu, kwa kuwa makanisa yetu hupenda sherehe za kupanda miti: mgeni rasmi hupanda mche, picha hupigwa, na kufikia Agosti mche umekauka kwa kukosa mtu wa kuumwagilia, ilhali nyuma ya kanisa visiki vya migunga vinachipuka kila mwaka na kuliwa na mbuzi. Sipingi kupanda. Ninachoomba ni kwamba tuanze na kile ambacho Mungu amekwisha kukihifadhi ardhini.

Basi kila usharika na uhesabu visiki vilivyo hai katika viwanja vyake kabla ya mvua za mwaka huu, vijana wa kipaimara wafundishwe kupogolea na kuweka alama, na wazee wa kanisa wakae na wafugaji wa jirani kukubaliana mapema mahali pa kuchungia, ili ulinzi wa machipukizi usiwe chanzo cha ugomvi.