Kumtazama Mtoto Kabla ya Kumfundisha
Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya wazazi na wanafunzi wa ualimu

Bamama, batata, jambo yenu. Nawasalimu pia wadogo zangu mnaosomea ualimu, mliokaa hapa mbele na madaftari yenu, pamoja na walimu walionilea katika kazi hii.

Nimeombwa nieleze nilichokipata wakati wa kusomea ualimu wa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, watoto wa matenele kama tunavyowaita hapa. Wengi wanadhani jibu linajulikana: nyimbo, picha za rangi, kupiga makofi, kufuta makamasi. Hayo yamo. Lakini kilichobadilisha kabisa namna ninavyosimama mbele ya watoto ni kujifunza kutazama. Najua mtu atasema kila mwenye macho anatazama. Mimi nasemea utazamaji wenye kanuni, unaofanywa kwa kalamu mkononi, ambao mtu asipofundishwa anaweza kuukosa miaka yote ya kazi yake na asijue kwamba anaukosa.

Kazi ya kwanza tuliyopewa staji, yaani mazoezi ya kazi shuleni, ilikuwa kukaa pembeni ya darasa, kumchagua mtoto mmoja, na kuandika anachofanya kwa dakika kumi. Sharti lilikuwa moja: hakuna neno la kumhukumu. Usiandike mkorofi, usiandike mvivu, usiandike ana akili. Andika kilichoonekana na kilichosikika. Wadogo zangu, jaribuni, mtaona ugumu wake. Ukiandika "huyu ni mkorofi", umefunga daftari, huna tena cha kufanya zaidi ya kumwadhibu. Ukiandika "amemnyang'anya mwenzake kopo, akakimbilia mlangoni, akageuka kuangalia kama anafuatwa", hapo umepata habari. Mwizi wa kopo hageuki nyuma kwa uso wa furaha akisubiri kukimbizwa. Huyo anatafuta mtu wa kucheza naye na hajui namna ya kumwomba. Basi kazi yako ya kesho umeshaipata: kumfundisha jinsi ya kuingia katika mchezo wa wenzake, na maneno ya kusema anapokaribia.

Utazamaji huu una historia. Mwaka 1907, tarehe 6 Januari, Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, mtaa wa watu maskini ambao mchana watoto walibaki peke yao wazazi wakiwa kazini. Mwaka huohuo huko Brussels, Ovide Decroly alifungua shule yake. Wote wawili walikuwa madaktari. Wote wawili walianza na watoto wenye ulemavu wa akili, ambao watu wengine walikuwa wameshawakatia tamaa, na walifika kwenye elimu wakiwa na tabia ya daktari ya kumchunguza mgonjwa kabla ya kutaja dawa. Mpaka leo, mwalimu wa Kongo anayepanga wiki nzima ya masomo kuzunguka kitu kimoja cha maisha ya mtoto, tuseme mvua au soko, anafuata njia ambayo Decroly aliitilia nguvu na ambayo sisi tumeirithi kwa Kifaransa kwa jina la centre d'intérêt. Tumerithi jina na mpango. Naogopa kwamba mara nyingi hatukurithi ile subira ya daktari iliyotangulia mpango.

Nichukue hesabu, maana hapo ndipo wazazi na walimu tunapokosana zaidi. Mama anamleta mtoto wa miaka mitatu, anasema kwa fahari: "Mwalimu, huyu anahesabu mpaka ishirini." Mtoto anahesabu kweli, haruki hata namba moja. Sasa mweke mbele ya bakuli la kalanga umwambie akupe nne. Atachota kiganja kizima akupe, na atakuangalia akiamini amefanya sawasawa. Hajasahau wala hana kiburi. Anayajua yale maneno kwa mpangilio wake kama anavyojua wimbo, lakini bado hajaelewa kwamba neno la mwisho unalotaja unapohesabu ndilo linalosema vitu ni vingapi. Watoto hufika hapo polepole. Kwanza wanaielewa moja. Miezi inapita ndipo wanaielewa mbili, kisha tatu. Baadaye, wengi wakiwa karibu na miaka minne, wanaelewa kanuni yenyewe ya kuhesabu, na kuanzia hapo ukiwaomba tano au saba wanakupa bila taabu.

Hata akifika hapo, safari haijaisha. Panga vifuniko vya chupa mistari miwili, kila mstari vifuniko sita, vikitazamana. Mtoto wa miaka minne atakubali kwamba ni sawa. Mbele ya macho yake utandaze mstari mmoja uwe mrefu, bila kuongeza kifuniko. Umuulize tena. Ataonyesha ule mrefu: "Hii njo iko mingi", yaani hii ndiyo yenye vingi. Jean Piaget, yule Mswisi aliyechunguza fikra za watoto, aliandika sana juu ya jibu hili, na mimi nimelisikia kwa Kiswahili chetu cha hapa, neno kwa neno, kutoka kwa mtoto mmoja baada ya mwingine. Kumkaripia hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kupewa kazi ambazo wingi wa vitu una maana ndani yake: agawe vikombe, kila mtoto na chake, aone kimoja kimebaki, atafute ni nani hajapata. Mwalimu aliyefundishwa kutazama anajua kila mtoto amefika wapi katika njia hii. Asiyefundishwa anasikia ishirini, anapiga makofi, anamwandikia mzazi kwamba mtoto anajua hesabu.

Na kuandika pia. Batata wengi, yaani akina baba, wananiuliza mbona mtoto ana miaka minne na daftari lake halina herufi. Nawajibu kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Kwa mtoto wa miaka mitatu, mingi kati ya hiyo bado ni gegedu, haijawa mfupa mgumu. Misuli midogo ya vidole nayo inahitaji kazi nyingi kabla ya kalamu. Ndiyo maana tunawapa udongo. Lubumbashi tuna bahati ya vichuguu vikubwa ambavyo mafundi wetu wanachimba kutengeneza matofali, na udongo wake ukiuchekecha na kuuloanisha vizuri unafinyangika bila kumgharimu mtu faranga. Mtoto anayefinyanga sufuria, anayechana karatasi vipande vyembamba, anayetunga shanga kwenye uzi, anaandaa vidole vile vile vitakavyoshika kalamu. Ukimlazimisha mapema anaishika kwa ngumi, anachoka, na anaanza kuchukia daftari kabla hajaingia shule ya msingi.

Sasa niwaambie juu ya mtoto mmoja. Sitataja jina lake wala shule. Nilimkuta staji, msichana mdogo aliyekuwa hasemi. Miezi ilikuwa imepita tangu shule ifunguliwe Septemba, na hakuna mtu mzima darasani aliyekuwa amemsikia sauti. Watu walianza kunong'ona kwamba huenda ni bubu, wengine wakasema nyumbani kuna tatizo. Nilipewa yeye kumtazama. Daftari langu la siku za kwanza linaonyesha mtoto anayefuata kila amri ikiwa inaambatana na ishara ya mkono, na asiyefuata amri ya maneno matupu. Anatazama midomo ya wenzake. Anacheza vizuri pale mchezo usipohitaji maneno. Siku moja nilibaki mpaka saa ya kurudi nyumbani, kaka yake mkubwa akaja kumchukua, na yule mtoto aliyeitwa bubu akamwagia kaka yake maneno mfululizo, kwa sauti, huku akicheka. Alikuwa anasema Tshiluba, lugha ya Kasai.

Mji wetu umejengwa na watu waliotoka sehemu nyingi kuja kufanya kazi katika shaba, na kati yao jamaa zetu kutoka Kasai ni wengi, tangu enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni. Mtoto yule nyumbani alisikia Tshiluba, darasani akasikia Kiswahili kwa wenzake na Kifaransa kwa mwalimu. Akakaa kimya, akisikiliza. Wataalamu wa lugha za watoto wanakijua kipindi hiki cha kimya. Mtoto anayeingia katika lugha mpya anaweza kukaa hivyo wiki kadhaa au hata miezi, na ndani yake anakusanya. Asubuhi iliyofuata nilimsalimia "Moyo", salamu ya Tshiluba. Alinitazama muda mrefu. Hakujibu siku hiyo, na sikumdai. Alikuja kujibu baadaye, na Kiswahili chake kikafuata, kwanza katika mchezo wa kupika, alipomwambia mwenzake: "Miye niko mama. Weye uko mutoto. Kuya, ukule bukari."

Nimekaa sana kwenye habari hii kwa sababu sisi wa Kongo tunapaswa kuwa mabingwa wa jambo hili. Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto nafasi ya kufundishia. Lakini mzazi anapolipa karo ya matenele anataka kusikia Kifaransa jioni hiyohiyo. Naielewa haja yake, maana Kifaransa ndicho kinachofungua ofisi na vyuo vikuu vyetu. Ninachomwomba asiamini ni kwamba Kifaransa kitaingia haraka zaidi kwa kuifukuza lugha ya nyumbani. Mtoto anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini mnara wake wa makopo umeanguka, nani alifanya nini kwanza na nini kikafuata, ameshajenga fikra ambayo ataihamishia katika Kifaransa. Mtoto aliyekaririshwa "bonjour madame" na rangi tano, asiyeruhusiwa kueleza chochote, ana maneno tu mdomoni.

Na ule mchezo wa bukari, ugali wetu, msiupite hivihivi. Hapo pana mtoto anayeshika nafasi ya mtu mwingine na kuishikilia, hata pale ambapo angependa kuwa yeye mwenyewe ndiye anayelishwa. Anajizuia. Anafuata kanuni ambayo haikuwekwa na mwalimu. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia Mrusi aliyefariki 1934 akiwa na miaka 37 tu, alisema wazi kwamba katika mchezo wa namna hii mtoto anatenda juu ya umri wake. Mwalimu akipiga kengele katikati ili warudi kwenye mabenchi kukariri, anakatisha somo gumu kuliko lile analotaka kulianza.

Mengine niyapitie upesi. Tulijifunza kuandika fiche ya somo, yaani karatasi ya mpango wa somo, na ni vizuri, inakulazimisha ujue unachotaka kabla ya kuingia. Tulijifunza kushusha sauti badala ya kuipandisha darasa linapochafuka, na kuchuchumaa mpaka macho yako yawe sawa na ya mtoto. Tulijifunza kusubiri baada ya kuuliza swali. Hili la kusubiri linataka mazoezi, kwani kimya cha sekunde chache mbele ya watoto mwalimu mgeni hukiona kirefu, anajijibu mwenyewe, na mtoto aliyekuwa karibu kusema ananyamaza. Tulijifunza pia kumshuku mtoto asiyesikia vizuri: yule anayegeuza kichwa upande mmoja, anayeongeza sauti bila sababu, anayeitwa mkaidi. Maambukizi ya masikio kwa watoto wadogo ni mengi, na mara nyingi mwalimu ndiye wa kwanza kumwambia mama ampeleke mtoto kituo cha afya.

Kuna ujuzi mmoja wa mwisho ambao sikuutarajia: kuzungumza na mzazi mlangoni. Zamani nilidhani mzazi anataka kusikia kama mtoto alikuwa mwema. Nikaona kwamba ukimpa tukio moja lililotazamwa vizuri, "leo alimwachia mwenzake zamu ya bembea bila kuambiwa", mama anasimama, anaweka mzigo chini, anakuambia na lake la jana usiku. Hapo mnakuwa wawili mnaomtazama mtoto mmoja.

Kazi hii inahitaji watu, na inahitaji kulipwa. Elimu bila malipo iliyoanza kutekelezwa 2019 ilianzia shule ya msingi ya serikali; matenele nyingi za mji huu bado zinaishi kwa karo za wazazi, na mshahara wa mwalimu unafuata siku ambayo wazazi wamelipwa. Watu wanaona ni halali kumlipa kidogo kwa sababu wanaamini anawashikia watoto tu mpaka mama atoke sokoni. Kwa hiyo, bamama na batata, mnapomwandikisha mtoto Septemba, msiulize tu kama ataandika jina lake kabla ya Krismasi. Mwombeni mwalimu awaonyeshe daftari lake la kutazama. Kama analo, mlipeni kwa wakati, na msikubali apewe darasa kubwa kiasi kwamba hawezi kuandika daftari hilo. Kama hana, mwambieni mkurugenzi mnalitaka.

Wadogo zangu wa staji, madaftari yenu nitayapitia nje baada ya kikao. Sasa naomba maswali, tuanze na wazazi.