Shene ikianza kulia asubui

Bon, jambo yenu bapapa na bamama, jambo bashofere, na nyinyi batoto ya garaji muko munasimama kule nyuma juu viti imeisha, musogee kidogo, sauti yangu si ya radio. Mbele nianze niko na kitu kimoja ya kuomba. Ile gari Toyota IST ya rangi ya majivu iko hapo inje karibu na mulango, mutu asiiguse. Nilimuomba mwenyeji aiache hapa tangu jana magaribi na ufunguo iko kwa mufuko yangu. Tutairudilia kisha.

Leo tutaongea ile shene ya ndani ya moteri, shene ya distribisio, ule munyororo wa chuma. Si kuruwa ya inje, ule mukanda wa mupira unaonaka unazungusha alternateri. Shene iko imejificha nyuma ya karteri, kile kifuniko cha mbele ya moteri, inaoga mafuta, na juu hatuionake, tunaisahau mpaka siku inatukumbusha.

Hapa Bukavu tulizoea kuruwa. Zile Corolla za zamani za moteri 4A, zile Carina na Ipsum za moteri 3S, zote ziko na kuruwa ya mupira, na kila shofere alijua kama kuruwa iko na kilometre yake, ikifika unabadirisha, mambo imeisha. Na hata ikikukatikia njiani, hizo moteri mbili zinakuhurumia: pistoni na supapi (ile milango ndogo ya hewa na moshi) hazikutanake, gari inazimika tu, unaivuta, unatia kuruwa ingine, unaenda. Kisha zikaingia Vitz, IST, Probox, Raum za kisha 2003, Noah za kisha 2001, na hizo ni shene. Wenye kuuzisha wakatuambia shene ni ya maisha. Maisha ya nani? Hapo hawakusema.

Sasa hiyo shene inafanya kazi gani. Chini kuko vilebrekeni, inapandisha na kushusha pistoni. Juu kuko arbakami, inafungua supapi. Lazima hivi viwili vikubaliane, chini izunguke mara mbili, juu izunguke mara moja, sababu pinyoni ya juu, ile gurudumu ya meno, iko na meno mara mbili ya pinyoni ya chini. Moteri ikiwa inazunguka tua (mizunguko) 3,000 kwa dakika, kila supapi inafunguka mara 25 kwa segonde moja. Mara 25! Unasema neno «supapi» na yenyewe imeshafunguka na kufunga mara kumi na ngapi. Kwa moteri ya 1NZ, ile ya Probox na IST, nafasi ni ndogo, supapi ikichelewa kufunga pistoni inaipiga kwa kichwa. Haiko sawa na ile 4A. Hii haihurumie mutu.

Watu wanasema «shene imevutika». Nami nasema vile, lakini chuma haivutike kama mupira wa chupi. Muangalie kinga, ile baisikeli ya kwenda nayo shamba. Babu ya shene zote hizi ni moja, Muswisi mumoja jina yake Hans Renold alikuwa anatengenezea shene kule Manchester, Uingereza, na mwaka 1880 akaleta hii namna ya shene yenye visiki na vibomba vidogo kwa kila kiungo. Basi kila kiungo kiko na kisiki kinazunguka ndani ya tundu, kinasuguana. Tuseme shene iko na viungo 120 na kila kiungo kimeliwa milimita 0.01 tu, kitu hata kucha yako haiwezi kusikia. Piga hesabu: milimita 1.2 shene nzima. Chuma haikuvutika, ni matundu yamepanuka, na yote inajumlishana. Mwenye kinga anajua, unashika shene kwa vidole viwili mbele ya pinyoni kubwa unaivuta, ikitoka mpaka unaona nusu ya jino, iko imekufa. Kwa gari huwezi kushika, njo shida.

Kuna tandere. Hiyo ni kipistoni kidogo kinasukuma shene ili isilegee, na kinachokisukuma ni mafuta ya moteri. Shene ikirefuka, tandere inatoka kidogo, inakula ule ulegevu, wewe hausikie kitu miaka na miaka. Pembeni kuko plastiki mbili zinaongoza shene. Lakini tandere iko na mwisho wake. Ikishatoka yote hakuna tena ya kutoa, sasa shene inaanza kuchapa ile plastiki, inachapa karteri, na asubui njo unasikia: krrrrrr, segonde mbili, tatu, kisha kimya. Kwa nini asubui? Juu usiku mafuta yote imeteremuka chini, tandere iko tupu, mpaka pompi ifikishe mafuta juu shene iko inacheza yenyewe. Mafuta ikifika, kelele inaisha na wewe unasema «aa, ni baridi tu» unaenda kazi.

Hiyo «ni baridi tu» imenilipia masomo ya batoto, nawaambia kweli. (Watu wanacheka.) Mucheke, mucheke.

Sasa niwaelezee kosa yangu mwenyewe, juu kama nasema tu makosa ya bashofere hamutaniamini. Mwaka 2016 shofere mumoja wa taksi alinileteaka Probox, asubui inalia. Nikasikiliza nikajua ni shene. Akasema hana pesa ya kit, yaani shene mupya na vyombo vyake, nimusaidie tu kelele iishe. Nikamutilia mafuta mazito, ile 20W-50. Kelele ikapunguka kweli, akanishukuru, akaniita docteur. Wiki tatu hivi kisha akawa anatoka Kamanyola na watu na mizigo, anapanda Ngomo, munajua ile mupando, kona juu ya kona. Akapunguza vitesi, shene ikaruka meno. Gari ikazima na sauti moja tu, tak. Wakaivuta mpaka hapa. Nilipofungua kulasi, kile kichwa cha moteri, supapi sita zilikuwa zimepinda kama misumari ya kupigwa na mutoto. Kazi ya mikono yangu nilimutolea nusu, juu nilijua. Mafuta mazito haikutengeneza kitu, ilifunika tu kelele, tena asubui inachelewa zaidi kufika kwa tandere. Docteur gani huyo anafunika homa na blanketi.

Shene inauawa na nini? Mafuta. Ningependa niseme vitu kumi ili muone nimesoma, lakini ni mafuta. Vidanji, yaani kubadirisha mafuta, ikichelewa mafuta inajaa moshi na vumbi nyeusi ya kuungua, ile vumbi ni kama msasa kwa vile visiki. Mafuta ikipunguka chini ya alama ya joji, ile fimbo ya kupimia, pompi inavuta hewa, tandere inakosa nguvu. Na sisi hapa mambo yetu ni ya kuongeza tu: joji ikishuka tunaongeza nusu litre, inashuka tunaongeza, tunasema «nafanya vidanji pole pole». Hapana ndugu yangu, hiyo si vidanji, ni kuongeza maji kwa mchuzi umeshachacha. Gari ya taksi ya Bukavu inakwenda kilometre kidogo lakini moteri inatumika siku muzima, Nyawera-Kadutu-Essence, ambuteyaji (magari imefungana), ralanti (moteri inazunguka gari imesimama), inangoja abiria. Kilometre ya tablo haikuonyeshe hiyo kazi. Mimi kwa taksi nasema kilometre 5,000, na kama tablo haiandike tena basi hesabu miezi. Na filitiri utie ya maana, ile iko na kamupira ndani kanazuia mafuta isirudi chini usiku. Filitiri ya bei ya mandazi haina kale kamupira, na gari inaanza kulia hata na shene muzuri. Nimeshaona mutu alifunguliwa moteri bure, shida ilikuwa filitiri.

Kuna kitu kingine cha hapa kwetu, cha mji wa milima. Wenye gari ya vitesi vya mukono, unasimamisha pale Kadutu kwa mupando, freni ya mukono haishike tangu zamani, unaacha gari ndani ya vitesi vya kwanza unaenda kununua sombe. Gari yote inaninginia kwa moteri. Ikiteleza nyuma kidogo, inazungusha moteri kinyume, na ule ulegevu wa shene unahama upande tandere haiko. Kama shene ishazeeka inaweza kuruka jino hapo hapo, umesimamisha tu, unarudi na sombe yako gari haitaki kuwaka muzuri. Wenye otomatiki hawana hiyo shida, P inafunga bwate ya vitesi, haigusi moteri. Lakini wa mukono, tengeneza freni kwanza, tia jiwe kwa gurudumu, vitesi viwe vya kusaidia tu. Na kusukuma gari ili iwake, na shene inalia? Moteri inarukishwa gafula na mafuta haijapanda. Nunua betri.

Swali? Ndiyo, mama, sema... Anauliza namna gani atajua ni shene na si kitu kingine, juu mekanisiye mumoja alishamudanganya.

Muzuri sana hiyo swali. Makelele ya mbele inaweza kuwa puli ya alternateri, inaweza kuwa pompi ya maji, inaweza kuwa ile bati ya ekshozi imelegea, inaweza kuwa ile pinyoni ya VVT yenyewe, ile ya juu inabadirisha wakati supapi inafunguka, hiyo pia inalia asubui. Muambie mekanisiye atoe kuruwa ya inje, awashe segonde kidogo tu gari ikiwa baridi. Kelele ikiisha, shida ilikuwa inje, umeokoa pesa. Ikibaki, atwae turnevisi ndefu, ncha kwa karteri, kishikio kwa sikio. Kisha skaneri, ile mashine ya kusoma kompita ya gari. Kama skaneri inatoa kodi P0016, maana yake kompita inaona chini na juu havikubaliane tena. Hiyo kodi peke yake si hukumu, hata kaptere mbovu, kile chombo cha kupimia, ao waya inaweza kuileta, lakini kodi pamoja na kelele pamoja na gari kukosa nguvu kwa mupando, hapo usibishe. Fungua kifuniko cha juu uangalie. Na vidanji ikitoka na vipande vya plastiki nyeusi ndani, zile ni plastiki za kuongoza shene, usiwashe tena hiyo gari hata kuifikisha kwako.

Batoto ya garaji, hapa ni yenu. Hautie shene mupya peke yake. Unabadirisha shene, tandere, plastiki zote mbili, pinyoni ya chini, na kamupira ya vilebrekeni. Shene mupya juu ya pinyoni yenye meno imeliwa, hiyo pinyoni itaila shene. Shene mupya iko na viungo vya rangi, unavipanganisha na alama za pinyoni. Ukimaliza, zungusha moteri na mukono, na ufunguo, tua mbili nzima, mbele ya kutia karteri. Alama za pinyoni zirudi fasi yake. Lakini vile viungo vya rangi havitarudi! Vitarudi kisha tua nyingi sana. Mutoto mumoja kwangu aliona rangi haipatane akafungua yote akaanza upya, mara mbili, mpaka usiku, nikamukuta analia. Kama ukikutana na kitu kigumu ukizungusha, simama, usilazimishe, hiyo ni supapi inakuambia. Na hapana kudemara na demareri ili «kujaribu tu». Siliconi ya karteri utie kamba nyembamba, ile inabaki ndani inaenda kuziba kichujio cha pompi.

Sasa gari ya zamani, inafaa ama haifai? Mimi sina jibu moja. Moteri ikiwa inakula mafuta, moshi ya bluu, kompresio imeanguka, usitie kit mupya pale, ni kumuvalisha maiti viatu vipya. Watu wanakimbilia moteri ya okazioni, sawa, lakini nani anajua shene ya ile okazioni? Imelala chini ya bashi, hakuna mutu ameisikia ikiwaka. Nikiuzisha moteri ya okazioni mimi nafungua kifuniko cha juu kwanza naangalia rangi. Ikiwa njano safi, mwenyeji wa mbele alikuwa anafanya vidanji. Ikiwa nyeusi kama masizi ya sufuria, niiache pale pale. Lakini kama moteri yako iko muzima na shene tu njo inalia, tengeneza sasa. Kungoja ipige supapi unalipa kulasi, supapi, kazi mara mbili, na kit ile ile utainunua tu, haikukimbii.

Mutu ananiuliza je, atatembea nayo mpaka mwezi ujao? Sijui, ndugu. Njo kweli. Kuna zilizolia mwaka muzima, kuna ile ya Ngomo. Kama hauna choice, weka mafuta kwa kiwango na ya namba kitabu ya gari inasema, usipige moteri asubui, usiende mbali na mizigo, na anza kuweka pesa.

Bon. Twende inje. Ile IST imelala masaa zaidi ya kumi na mbili, imepoa mpaka ndani. Mutu mumoja tu atawasha, weye mutoto wa shati ya bluu, na usikanyage aksleri. Wengine wote musogee upande wa mbele, simu muzime, na munyamaze, juu ni segonde tatu tu.